Vipande Vitano Juu ya Kochi

Machi 9

Leo mvua ya kwanza imenyesha, manyunyu ya kutania tu, na mimi nimemaliza kipande cha tano cha picha yangu ya vitambaa. Nimevipanga vyote sakafuni ubavu kwa ubavu, nikapanda juu ya kiti kuvitazama. Nimejipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kunipongeza.

Ni ziwa asubuhi, kabla upepo haujaamka. Maji yanaanzia kipande cha kwanza na kuishia cha tano, na mstari wake haupishani hata kwa upana wa uzi. Buluu yote ni mabaki ya sare za shule. Mbingu ni bitana za magauni ya maharusi. Matete ni suti za wanaume waliokuja kupimwa wakiwa wembamba, wakarudi baadaye kuomba niwaachie nafasi kiunoni. Nimeshona nguo za watu tangu nikiwa msichana, na zote zimetoka nje ya mlango huu zikaenda kusifiwa kwingine. Hii haitoki. Itakaa sebuleni, juu ya kochi, na kila anayeingia ataiona kabla hajaketi.

Kikwazo ni kimoja tu, na nimeolewa nacho.

Machi 10

Niandike vizuri, ili wajukuu wakija kusoma waelewe. Mume wangu ni fundi mwashi. Watu humwita Timazi, ule uzi wenye chuma mwishoni ambao waashi huuning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zake hazijawahi kulalamikiwa na mtu. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake. Wateja huletwa hapa, husimama sebuleni, hupitisha kiganja kwenye lipu, kisha husema kazi ianze kesho.

Na katika nyumba hii hakitundikwi kitu. Si kalenda, si hata picha ya harusi yetu, ambayo imeegeshwa juu ya kabati kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ukutani kuna saa moja tu ya mviringo, na aliitundika mwenyewe. "Lipu yangu haichomwi misumari," husema, na watoto wetu walilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Leo nikamwonyesha. Alivitazama muda mrefu, mikono mgongoni.

"Mama watoto, hii ni kazi," alisema. "Hii ni kazi kweli."

"Basi tuitundike."

"Iweke chumbani."

"Chumbani ataiona nani?"

"Nitaiona mimi."

"Wewe ukiingia chumbani unazima taa."

Akacheka, akatoka kwenda kazini. Kicheko chake si ndiyo, hilo nalijua tangu uchumba.

Machi 11

Mvua. Yeye kanuna, nami nimenuna. Chakula kililiwa hata hivyo.

Machi 15

Wifi yangu amekuja. Ni dada yake mkubwa, mtu pekee duniani anayeweza kumfokea Timazi akanyamaza. Aliviona vipande vimeegemea kabati ndani ya fremu zake, akaviinamia mpaka miwani ikateleza.

"Kaka," akamwita. "Hii lipu uliioa lini? Maana naona ndiyo mke mkubwa humu ndani."

"Dada, ikitobolewa inapasuka."

"Itapasuka, utaiziba. Si ndiyo kazi yako?"

Alikwenda kusimama dirishani kutazama mvua. Nilifurahi sana, na sioni haya kuliandika.

Machi 22

Kifungua mimba wetu amekuja na habari. Goti la baba yake halipandi tena jukwaa la ujenzi, sote tunalijua, na masika haya ndiyo ya mwisho kwake kazini. Mafundi wamekubaliana kuja kumuaga. Watakuja hapa hapa nyumbani, mwisho wa Mei, na wake zao.

"Baba," binti akasema, "mafundi wote hao wakae sebuleni watazame ukuta mtupu?"

"Watatazama lipu."

"Lipu waliitazama miaka yote. Waone na kazi ya mama."

Nilidhani atakataa tena. Alisugua goti, akanitazama mimi, akamtazama binti, akasema, "Sawa. Lakini natundika mimi, na sitaki mtu karibu."

Nimelala mchana huu nikitabasamu peke yangu.

Machi 24

Binti alikata magazeti ya zamani kwa ukubwa wa kila kipande, tukayabandika ukutani kwa gundi ya karatasi ili tuone kabla ya kutoboa. Kumbe yote ni kazi ya macho. Wifi alitaka picha zipandishwe juu, karibu na dari.

"Wifi, picha si popo," nilimwambia.

Tukashusha mpaka zikawa shubiri moja juu ya mgongo wa kochi, hivyo aliyeketi kwenye kiti cha upande wa pili anayaona maji usawa wa macho yake. Kipande cha katikati kikakaa katikati ya kochi, vingine vikafuata kulia na kushoto, na baina yao tukaacha nafasi ya vidole viwili. Nikajaribu vidole vitatu, ziwa likakatika. Kidole kimoja, likabanana. Viwili ndivyo vyenyewe.

Mume wangu alipita, akatazama magazeti, akatazama juu, akapita.

Machi 29

Alinituma sokoni, akafunga mlango kwa ndani. Nilirudi nimelowa, vikapu viwili, na ziwa langu lipo ukutani. Nilikaa chini hapo hapo mlangoni na viatu vyangu vya matope. Jirani aliyenisindikiza alisema, "Hii umenunua wapi?" Nikamwambia, "Hapa."

Aprili 2

Kuna kitu. Sijui ni kitu gani.

Aprili 4

Nimekijua. Ziwa linamwagika. Ukiketi kwenye kiti cha upande wa pili ukatulia, maji ya kipande cha kwanza yako juu kuliko ya kipande cha tano. Kidogo tu, lakini maji ni maji, hayalali kwenye mteremko.

Nikamwambia kwa upole. Nilichagua wakati ameshiba.

"Baba watoto, naona kama zimepinda."

Hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Ukuta wangu haujapinda."

"Sijasema ukuta. Nimesema picha."

"Basi ni mshono wako umepinda."

Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza. Miaka yote hii ameniambia mengi, na mimi nimemwambia mengi, lakini hilo hakuwahi kulisema mtu yeyote. Wapo wanawake mjini hapa wasiokubali kushonewa na mwingine. Wapo walioolewa kwa gauni langu, wakaja kumuozesha binti kwa gauni langu. Mshono wangu umepinda. Haya.

Aprili 5

Nimepima kila kipande kwa futi yangu ya kazini, pembe kwa pembe. Maji yako pale pale nilipoyaweka, urefu ule ule kutoka chini ya fremu, vipande vyote. Hakuna uzi uliokengeuka. Nilitaka kumwamsha nimwonyeshe, nikajikaza.

Aprili 7

Mvua kubwa toka asubuhi. Yeye alitoka na mwavuli kwenda kukagua kazi ya watu. Mimi nikachukua pima maji yake, kile kifaa cha kujua kama kitu kimelala sawa, kwenye mfuko wa vifaa, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kama yeye asivyogusa mkasi wangu wa kitambaa. Nikaiweka juu ya kipande cha katikati. Kile kiputo cha hewa kikakimbilia upande mmoja.

Kwa hiyo ni yeye. Fundi Timazi, ambaye hawezi kupita kwenye uzio wa mtu bila kufumba jicho moja aone kama umenyooka, alitundika picha za mke wake upande. Na si kwa bahati mbaya, maana zote tano zimepinda sawasawa, kwenye mstari mmoja mzuri.

Ndipo nikaufuata huo mstari kwa macho. Unakwenda sambamba na dari.

Nikapanda juu ya kochi, nikaiegemeza pima maji kwenye ubao wa dari, hapo unapokutana na ukuta. Kiputo kikakimbia upande ule ule. Nilibaki nimesimama juu ya kochi, na mvua inapiga bati, nikiwaza miaka yote ya kuta tupu. Nikaitazama saa ya mviringo.

Aprili 8

Siku hii nataka niiandike yote.

Nilimngoja anywe chai kwanza. Nikaiweka pima maji mezani, mbele yake. Aliitazama kama mtu anayeitazama barua ya mahakama.

"Umejua," alisema.

"Dari imeinama."

"Vidole vitatu. Toka mlangoni mpaka dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku niliyoipandisha."

Akaniambia. Ilikuwa masika kama haya. Tulikuwa tumepanga chumba kinachovuja, nakikumbuka vizuri, tulikuwa tunahamisha kitanda kila mvua ikibadili upande. Mimi nilikuwa mzito, mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho. Yeye alikuwa ameapa, na kiapo hicho hakuniambia, kwamba mtoto wake hatapokewa na matone. Mchana alijenga nyumba za watu, jioni na Jumapili alijenga yetu, peke yake. Alivuta uzi wa kupimia, mvua ikaulegeza, giza likaingia, naye akaweka boriti za juu hivyo hivyo. Asubuhi akaja akaona.

"Kuzibomoa na kuzirudia ni kazi ya wiki mbili tatu," alisema. "Nikalitazama tumbo lako, nikapiga bati."

Binti yetu alizaliwa tukiwa tumeshahamia, juu ya sakafu kavu. Hilo nalikumbuka pia. Nakumbuka nilivyojivuna nyumba yetu ilivyo kavu.

"Nikasema nitairekebisha kiangazi," akaendelea. "Kiangazi kikaja na kazi zake. Kisha mteja wa kwanza akaja hapa, akapapasa lipu, akasema kuta zako zimenyooka kama timazi. Jina likanishika. Sasa ningemwambia nani?"

"Mimi."

Akakizungusha kikombe chake mezani.

"Ndiyo maana hakuna picha," nilisema.

"Kitu chenye pembe kinasema. Ukikinyoosha, dari inaonekana imeinama. Saa ya mviringo haisemi kitu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumtupia kikombe. Nimeishi na ukuta mtupu nikidhani nimeolewa na mtu mwenye maringo ya lipu, kumbe nimeolewa na mtu mwenye hofu. Na hofu yenyewe chanzo chake ni tumbo langu.

"Na mshono wangu?" nikamuuliza. Hilo nisingeweza kuliacha.

"Mshono wako haujawahi kupinda hata siku moja. Nilikuwa natazama sahani nilipokuwa nasema uongo ule. Nisamehe."

Kisha akaniomba. Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Alisema watakaokuja mwisho wa Mei ni mafundi watupu, watu ambao jicho lao halihitaji kifaa. Tukizinyoosha picha, dari itamuumbua mbele ya kila fundi aliyefundishwa naye. Tukiziacha zifuate dari, ziwa linamwagika, na watu watasema fundi cherehani hajui kazi. "Ziweke chumbani mpaka waondoke," alisema. "Niache niage na jina langu. Wakishaondoka, zitundike popote unapotaka."

Nikaziondoa ukutani moja moja, nikaziweka chini, nyuso zake zimeelekea ukutani. Najua mambo ya chumbani. Kinachoingia chumbani kusubiri hakitoki. Lakini najua pia kwamba mtu hawezi kuagwa mara mbili.

Aprili 12

Mvua. Binti amepiga simu kuuliza picha zinaendeleaje. Nikamwambia zinapumzika.

Aprili 19

Mume wangu amekuwa mpole kupita kiasi. Ameosha vyombo. Inanitisha.

Aprili 23

Nina mteja ambaye bega lake moja liko chini kuliko jingine. Amekuwa hivyo tangu utotoni, na hakuna ajuaye isipokuwa mimi na mama yake. Watu wasiojua kazi humkatia shingo iliyonyooka, na hapo ndipo bega linapiga kelele. Mimi humpa kola pana yenye mikunjo, inapanda hapa, inashuka pale, na jicho la mtu linakosa pa kupimia. Leo nilikuwa nampima, pini mdomoni, nikasimama ghafla hata akadhani nimemchoma.

Mstari wa maji lazima ulale sawa. Lakini nani alisema vichwa vya picha lazima viwe sawa?

Aprili 24

Nimekwenda kwa seremala kuagiza fremu tatu mpya, ndefu kuliko zile. Kipande cha katikati kitakuwa kirefu kuliko vyote, viwili vya kando yake vifupi kidogo, vya mwisho vibaki vilivyo. Chini vyote sawa. Maji sawa. Ni mbingu tu itakayopanda na kushuka, na dari haitakuwa na mstari wa kushindana nao.

Sikumwambia mtu. Kazi nzuri inataka mdomo uliofungwa.

Mei 3

Nashona mbingu. Bitana nyeupe zimekwisha, nimeingia kwenye rangi ya maziwa.

Mei 11

Mbingu bado. Wifi amekuja kunisaidia kukata, akakata vibaya, nikamshukuru, nikakata tena alipoondoka.

Mei 20

Mvua imepungua. Vipande vimekwisha. Nilibandika magazeti upya mwenyewe, cha katikati kwanza, vidole viwili, vidole viwili. Mume wangu aliporudi akayakuta. Alisimama mlangoni, akafumba jicho moja kama anavyofanya kwa kuta za watu. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akaketi.

"Haionekani," alisema taratibu. "Mama watoto, dari haionekani."

"Najua."

"Nitakwenda kuchukua mashine ya kutobolea."

"Ilete. Lakini leo natoboa mimi."

Akaleta mashine, akaleta ngazi, akaniwekea pima maji mkononi bila kuombwa. Vumbi la lipu yake likamdondokea kichwani, naye akaendelea kuishika ngazi. Tundu la kwanza nililitoboa polepole, kwenye la pili mikono ikazoea, na lilipofika la mwisho nilikuwa naimba. Sikujua kwamba kutoboa ukuta kuna raha namna ile. Tulipomaliza tuliketi wote wawili upande wa pili, na maji yalikuwa yamelala.

Mei 29

Usafi. Miguu inauma. Nimeivaa ile kanga yangu mpya kuijaribu, nikaivua.

Mei 31

Walikuja jana, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika.

Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Walioketi waliketi, wengine wakasimama wameegemea lipu, na mimi nikawa nawaona mmoja mmoja wakiinua macho, wakiyashusha, wakitulia kwenye ziwa. Wake zao walikuja kushika kitambaa. Mmoja aliitambua sare ya shule aliyosoma, akawaita wenzake waje waone. Binti yangu alikuwa anapitisha chai na kichwa kimemvimba kana kwamba kashona yeye.

Kisha akasimama fundi anayerithi kazi ya mume wangu. Alianza kwake kwa kubeba zege, sasa ana mvi. Alisema maneno mazuri, akasema alichofundishwa ni unyoofu, mwishowe akaelekeza kidole juu ya kochi.

"Mtazameni mzee huyu," akawaambia. "Hata picha kwake zinatundikwa kwa pima maji. Yaoneni maji yalivyolala. Hapo hata asiposema, unajua mkono wa Timazi umepita."

Wakapiga makofi. Mimi niliitazama sakafu. Nilikuwa nimeshajiamulia kwamba hii ni siku yake, na kama sifa zangu zitapitia mlango wake, basi na zipite. Iliniuma, lakini nilikuwa nimekubali iniume.

Mume wangu akaweka kikombe chini. Akasimama, na kwa goti lile kusimama kwake ni shughuli, hivyo kila mtu akamgeukia.

"Inueni macho," alisema. "Yapandisheni juu ya picha. Mnaiona dari?"

Wakaiona dari. Hawakuona kitu.

"Imeinama vidole vitatu kutoka mlangoni mpaka dirishani. Niliiinamisha mimi, usiku wa mvua, kabla huyu binti yangu hajazaliwa, na tangu hapo nimewaficha nyinyi wote."

Mmoja akacheka, akadhani ni utani wa kuagana. Fundi mwenye mvi hakucheka. Alifumba jicho moja, akasogea mpaka mlangoni, akainama kidogo, na uso wake ukabadilika.

"Kweli, mzee," alisema polepole. "Kweli imeinama. Na nimeingia humu maisha yangu yote."

"Hukuona zamani kwa sababu sikutundika kitu. Leo kimetundikwa, na bado hukuona. Mafundi wote mliomo humu hamkuona, mpaka nimewaambia. Sasa mjiulize ni fundi gani huyo aliyewashinda."

Akanigeukia. Sikujua nitazame wapi, nikamtazama yeye.

"Aliyeishona ndiye aliyeipanga," alisema. "Alipima yeye, akatoboa yeye, kwenye lipu yangu. Hayo makofi mmempa mtu siye."

Fundi mwenye mvi akauliza, kwa heshima kabisa, kama bado anajifunza kazi, "Na wewe ulifanya nini, mzee?"

"Nilishika ngazi," alisema mume wangu, na kwa kuta zote alizojenga mjini hapa, sijawahi kumwona akijivuna vile.